Fundi Aliyevika Kompyuta Koti la Mbao

Fundi hakukaa kwenye kiti kabla ya kukigonga. Aliinama, akagonga mguu wa kiti kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, ndipo akaamua kama atakaa au atabaki wima. Kwangu alibaki wima. Viti vyangu nilivinunua haraka haraka tuliporudi, vya mbao nyepesi, naye hakuona sababu ya kunificha. "Hii iko sanduku ya tomate," aliniambia siku ya kwanza kuingia nyumbani kwangu, "waliongeza tu miguu." Nilikasirika. Mgeni gani anayeanza na viti kabla ya kuuliza habari za nyumbani?

Mjini Gisenyi walimwita Tailleur wa Redio, yaani fundi wa kuzishonea redio nguo, na jina hilo alijibandika mwenyewe. Mimi nilimwita Fundi tu. Alitengeneza makasha ya mbao ya kuwekea redio, na redio yenyewe hakuigusa. Ukimpelekea iliyonyamaza, alikuelekeza sokoni kwa vijana wenye bisibisi. "Mi siko fundi ya courant, dada. Umeme ni ya wengine. Mi navalisha." Alizaliwa wapi na wazazi wake walikuwa nani, sijui na sikuuliza. Mwishoni mwa miaka ya tisini mtu mwenye adabu hakuuliza maswali ya namna hiyo. Nilichojua ni kwamba alikulia kando ya ziwa, pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Kilinichekesha mimi, niliyezaliwa Karagwe, Tanzania, nikaja na mama yangu tukisema tunarudi, kana kwamba mtu anaweza kurudi mahali ambapo hajawahi kufika.

Alifanya kazi akiwa amevaa tai. Tai ya bluu, ncha yake ameichomeka ndani ya shati katikati ya vifungo viwili ili isiingie kwenye randa. Vumbi la mbao lilimjaa kwenye nyusi na masikioni, lakini tai ilikuwa safi. Watu walimcheka, nami niliwacheka pamoja nao, mpaka siku nilipomkuta mmoja wa wale wachekaji anamsubiri kwa heshima zote, kofia mkononi, apokee kasha la redio la kumpelekea mkwewe. Mgala muue na haki umpe: yale makasha yalikuwa mazuri. Pembe zake zilikuwa za mviringo, msumari huuoni, na mgongo wake umesuguliwa msasa na kupakwa vanishi sawasawa na uso. Niliwahi kumuuliza kwa nini anahangaika na mgongo utakaoegemezwa ukutani. Akaniambia mgeni akiondoka unabaki ukimwangalia mgongo, basi na uwe msafi.

Karakana yake ilikuwa Mbugangari, nyuma ya kiwanja walichooshea minibasi za Kanama. Ndani mlinuka gundi na mbao nyekundu iliyovuka mpaka. Mlango wake mmoja aliupaka rangi nyeusi akaufanya ubao wa shule, na hapo alichora kwa chaki vitu alivyokusudia kutengeneza. Akimaliza alifuta, akachora kingine. Asubuhi za ukungu, ukungu ukipanda kutoka ziwani na kuingia mpaka kwenye vichochoro, ule mlango mweusi ulionekana peke yake na michoro yake myeupe, ukuta haupo, nyumba haipo. Nilipenda kupita pale saa hizo hata kama safari yangu ilikuwa ya upande mwingine.

Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kompyuta zake. Alikuwa amechora kompyuta inayojikunja na kuingia ndani ya meza yake, kama cherehani ya mguu. Juma lililofuata alichora ya kukaa juu ya uruhimbi, ile rafu ya udongo ambayo mabibi zetu walipangia vyungu vya maziwa, kioo chake kikiwa na mfuniko wa mchongoko kama wa kikapu cha harusi. Kulikuwa na ya nahodha wa boti, yenye kijipaa cha kuzuia jua. Kulikuwa na ya padre, yenye pazia. Hakuna hata mmoja aliyeziagiza. Nilimuuliza padre atafanya nini na pazia. "Mashine inajua zambi ya watu," akasema bila kucheka, "haifai iangalie kila mutu anapita."

Kompyuta alianza kuziona zilipotapakaa sokoni. Mashirika ya misaada yalikuwa yakifunga ofisi, upande wetu na ule wa Goma, na vitu vyao viliuzwa kwa atakaye: mapipa, mahema, viti vya plastiki, na mashine hizo, zilizopangwa chini kati ya sufuria na magodoro. Nyingi zilikuwa nzee hata kwa wakati ule, za kioo cheusi na maandishi ya kijani. Waliokuwa wakirudi kutoka Kampala na pesa zao walizicheka, wakitafuta zile mpya za rangi. Fundi hakucheka. "Nilisikia huruma," aliniambia. "Mutu iko na akili yote ile, halafu wanamuacha uchi chini. Na rangi yake, angalia. Iko sawa na uji ya mugonjwa."

Mpya hazikumvutia. Alisema mashine mpya inakuja mbio, haijakusalimia tayari inakuuliza unataka nini. Nzee ndiyo iliyokuwa na adabu. Ukiiwasha inaguna kwanza, inatafuna kitu mdomoni, halafu inaleta maneno yake mstari baada ya mstari, taratibu. Mimi nilikuwa nayo moja, maana nilifungua sekretarieti sebuleni kwangu, chumba cha kuwachapia watu barua na kadi, na kuwasha ile mashine asubuhi kulinitia hasira kila siku. Fundi akiwepo alinishika mkono. "Iache, dada. Iko inavaa viatu."

Lakini yeye mwenyewe, huyo mhubiri wa subira, chai ikichelewa aligomba. Kwenye bomba la maji alikuwa wa kwanza kusukuma ndoo za wenzake. Kompyuta alizozisifu hivyo hakuwahi kuzigusa hata kwa kidole kimoja, akisingizia kuwa vidole vyake vina gundi. Nilimbembeleza siku moja ya mvua, wateja hakuna, nikamwambia, haya, sema neno nikuandikie. Akafikiri, akasema niandike "subiri." Nikaliandika. Likakaa pale katikati ya giza la kioo, kijani, na kile kimstari kinachopepesa mbele yake, kinawaka na kuzima. Fundi alisimama akiliangalia mpaka mvua ikakatika. Alipoondoka sikulifuta, sijui kwa nini, nikalifunika kwa kazi ya mtu mwingine kesho yake.

Jambo moja alilishika kama dini. Aliamini kitu hakipaswi kudanganya umri wake. Watu walimwomba apake mbao majani ya chai, aichome moshi kidogo ionekane ya zamani, naye aliwafukuza. Kasha lake lilikuwa na sura ya kizee lakini liling'aa upya wote, na hivyo ndivyo alivyotaka. "Mutoto anafanana na babu yake," alisema, "lakini haumupake mvi."

Nilichelewa kuelewa kwa nini watu walimwendea. Tuliokuja kutoka nje tulikuja na mabegi. Waliokuwa hapa walikuta nyumba zimekombwa mpaka bawaba za milango. Waliovuka mpaka na kurudi walirudi na walichoweza kubeba kichwani. Mji mzima ulikuwa mzuri kwa macho, ziwa lile, minazi ile ya kupandwa kando ya barabara, jioni wekundu wa volkano juu ya mawingu, na ndani ya nyumba hakuna hata mmoja aliyebakiwa na kitu kilichokuwepo kabla yake. Hakuna kijiko cha bibi. Hakuna saa ya ukutani iliyosimama. Wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini sisi vipya vilikuwa vimetuchosha. Tulikuwa na njaa ya kitu kizee, na Fundi alikuwa anatupa cha kufanana nacho.

Yaliyonikutanisha naye yalianzia kwenye kitambaa. Mama yangu alikuwa na vitambaa vyake vyeupe vya kufuma, alivyovitoa Karagwe, na kwake kitu cha thamani hakiachwi kichwa wazi. Chupa ya chai ilikuwa na chake, redio ndogo ya betri chake, na siku nilipoleta kompyuta aliifumia kikubwa kuliko vyote, chenye nyota katikati. Nikaona haya kukataa. Tena ilipendeza. Nyumba zote nilizozijua zilizokuwa na televisheni zilikuwa na kitambaa juu ya televisheni, sasa kompyuta imekosa nini? Kilichotuponyoka mimi na Mama ni kwamba ile mashine ilipumulia kichwani, kwenye vile vijitundu vya juu. Tuliiziba pumzi kwa upendo. Nilikuwa naandika kadi za harusi ya watu wa Nyundo, maandishi yakaanza kucheza, nikasikia harufu ya moto, kioo kikafa.

Kijana wa bisibisi aliifufua, akaamuru kitambaa kisiguse tena mashine ile. Mama akasema basi itoke sebuleni, yeye hawezi kupokea wageni mbele ya kitu kilicho uchi. Nikasema sebule ndiyo ofisi. Akasema ofisi ni yako, wageni ni wa Mungu. Hatukusemeshana siku kadhaa. Hapo ndipo jirani mmoja akaniambia nimwite yule mwenye tai.

Alikuja, akatukana viti, akainua kitambaa akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha mbele na nyuma. Mashine hata hakuitazama. "Bon," akasema. "Kitambaa iko na haki. Mashine nayo iko na haki. Wanagombania paa tu. Tutajenga paa mbili." Na kweli alilichora mlangoni kwake: kasha lenye mfuniko, na juu ya mfuniko, kwa viguu vifupi, mfuniko mwingine wa kulaza kitambaa, katikati yake hewa inapita. Mbele aliweka milango miwili midogo ya kufunga kazi ikiisha, kwa sababu, kwa maneno yake, kitu cha nyumbani kisicho na mlango kinakukodolea macho tu. Chini ya kioo akapanga kuweka kitambaa kizito chenye nyuzi za dhahabu, kile kilichofunika spika za redio za zamani, na vifundo viwili vya kuzungusha. Nikamuuliza vitazungusha nini. "Hakuna. Mukono tu unapenda pa kushika."

Hapa lazima niseme Mama alikuwa katika hali gani, kwa sababu bila hilo hutaona Fundi alifanya nini. Mama alitoka nchi hii akiwa msichana, kwao kulikuwa Kanama milimani. Tuliporudi alipanda mara moja kwenda kupaona, akashuka, hakusimulia kitu. Tangu siku hiyo alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, begi lake limefungwa kamba pembeni yake. Ukimwambia, Mama, tufungue begi tupange nguo, alijibu kwa upole kwamba hapa ni kwa watu. Alikula kidogo. Alifuma tu, vitambaa vya vitu ambavyo hatukuwa navyo. Niliogopa. Niliona nimemtoa Karagwe alikokuwa na shamba na majirani ili nimlete kufa mlangoni pa nyumba ya kupanga.

Fundi alilileta kasha begani mwa kijana wa mkokoteni, limefunikwa blanketi. Tukaingiza mashine ndani, ikakaa sawa kabisa. Alipovua blanketi, chumba kilibadilika rangi. Mbao ilikuwa nyekundu ya kina, na mwanga wa ziwa ukipita dirishani uliteleza juu ya yale mabega yake ya mviringo. Nikawasha. Maneno ya kijani yakaja moja moja mle ndani. Mama akainuka kwenye mkeka, akaja, akapitisha kiganja juu ya mfuniko mpaka pembeni, akashusha mkono mpaka kwenye kifundo, akakizungusha.

"Redio ya baba," akasema.

Mimi na Fundi tulitazamana. Mama akamgeukia. Tangu Fundi alipoanza kuja kupima mashine, akimwita Mama Mukecuru, yaani mama mzee, walikuwa wamezoea kusemezana Kiswahili, kwa kuwa Mama naye alipenda kukicheka cha Fundi. "Fundi, hii uliikuta Kanama?"

Nilimwona Fundi anafungua mdomo. Nilijua atasema nini, atasema aliitengeneza kwa mikono yake, maana alijivuna kwa kazi yake kuliko kitu chochote. Akamwangalia Mama usoni. "Ndiyo, Mukecuru," akasema. Akaokota blanketi lake akatoka.

Jioni ile Mama alifungua begi. Ndiyo, jioni ileile. Alitoa nyota yake nyeupe akailaza juu ya paa la pili, akatoa na khanga zake akazipanga kabatini. Kesho yake mkeka ulihamia kando ya kasha. Akawa analifuta vumbi kila asubuhi, anasalimia wateja, anawaambia hiyo ni redio ya baba yake. Jirani mmoja mtani akamwuliza, Mama, redio gani hiyo inayoandika kadi za harusi? "Imesoma," Mama akamjibu. Neno hilo likazunguka mji mzima. Watu walikuja na barua zisizo na haraka ili waione tu redio iliyosoma. Mimi nilicheka nao, na usiku nilimshukuru Mungu. Kuhusu baba yake mwenyewe, hata hivyo, Mama hakuongeza neno. Babu yangu kwangu alibaki ile "redio ya baba" tu, nami niliogopa kumvuta Mama zaidi, asije akarudi mlangoni.

Fundi ndiye aliyeharibika. Aliacha kuja. Nikimkuta njiani aliuliza habari za Mukecuru akiangalia viatu vyake. Mlango wake mweusi ulikaa juma baada ya juma bila mchoro. Nilidhani anaumwa, kumbe lile "ndiyo" lilikuwa limemkaa kooni. Mtu aliyewafukuza wateja kwa sababu ya majani ya chai sasa alikuwa ameuza uzee wa uongo kwa mwanamke mzima, tena bila kuombwa.

Ilitimia siku aliyokuwa akiiota. Mtu mmoja aliyerudi kutoka Uganda alikuwa anafufua hoteli kando ya ziwa, na alitaka kompyuta za mapokezi zivikwe mbao, zote, pamoja na redio za vyumbani. Nilikuwepo karakana siku hiyo, nimepeleka bawaba ya mlango mmoja wa kasha iliyolegea. Fundi alikuwa amekaza tai, ameshaanza kuchora.

"Ila ziwe old, Fundi," mwenye hoteli akasema. "Zipigepige na mnyororo kidogo. Upake chai. Mgeni aone ni vitu vya tangu zamani."

"Hapana. Mi sifanye vile."

"Hufanyi vipi? Yule mama wa sekretarieti si ulimpa redio ya baba yake? Mji wote unajua. Basi na mimi nipe ya babu yangu."

Alisema kwa utani tu, akacheka, akaenda zake akisema atarudi kwa jibu. Fundi aliketi kwenye rundo la mbao, chaki mkononi. Akasema kwamba jibu la yule bwana hana, kwa sababu hajui tena yeye ni fundi wa namna gani, na hatajua mpaka aje kumwambia Mama ukweli.

Nikamwomba asije. Nilimwomba kwa sauti ya chini, kisha kwa ukali. Nilimwambia hakuona jinsi Mama alivyokuwa. Nilimwambia anataka kuosha moyo wake kwa maji ya mama yangu. Mama ana kitu kimoja tu katika nchi hii nzima, akikivunja nitamwekea nini mahali pake? Fundi alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Dada, iko muzuri vile unasema," akasema. "Lakini yeye aliniuliza. Mutu akikuuliza na sauti yake yote, haumujibie uongo." Nilimwacha nikiwa na hasira, na siku zilizofuata kila hatua iliyokanyaga mlangoni ilinishtua.

Alikuja mchana wa kiangazi, ziwa limetulia, jua limelala sebuleni. Alikuwa amevaa koti juu ya tai. Nilikuwa nachapa barua ya mteja na printa inakereza, sikuweza hata kumkinga. Alipita moja kwa moja mpaka kwa Mama, akachuchumaa mbele ya mkeka wake.

"Mukecuru, ile siku uliniuliza kama niliikuta Kanama, nilisema ndiyo. Nilikudanganya. Niliitengeneza pale Mbugangari. Mbao yake ilivuka mpaka na mutu nilimulipa. Haiko redio ya baba yako. Unisamehe."

Mama hakuacha kufuma. Alimaliza kitanzi alichokianza, akakiweka kile kitambaa kwenye paja.

"Nyumba ya baba niliiona ikiungua," akasema. "Nilikuwa juu ya kilima, nimembeba mdogo wangu mgongoni. Redio ingetokea wapi, Fundi?"

Fundi akabaki amechuchumaa. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Basi mbona unasema iko ya baba yako?" Fundi akauliza.

"Watu wakiniuliza niwaambie ya nani? Nyumba ni ya mwenyewe. Viti, wewe mwenyewe umevisema. Nikiwa na kitu kimoja humu ndani nikakiita cha baba, kuna aliyeumia?" Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. "Nilikuuliza tu nione utanijibu nini. Ukaona haya kunivunja moyo. Nikasema, huyu ni mtu."

"Lakini iko mupya, Mukecuru. Ya baba yako ilikuwa ya zamani."

Mama alimshangaa kweli. "Ya zamani kwa nani? Ile redio niliiacha mpya. Haikupata muda wa kuzeeka. Siku walipoileta nyumba nzima ilinuka vanishi, mama yangu akafungua madirisha. Wewe ulipoingiza hii hapa nikasikia harufu ileile. Ungeniletea iliyochakaa nisingeijua."

Fundi alishusha kichwa. Nilidhani analia, na pengine alilia, koti lilimficha. Alipokiinua alisema polepole, akijisemea mwenyewe zaidi ya kutusemesha sisi, "Donc hoteli nayo atapata mupya. Akikatala, akatale." Kisha akakohoa, akajiweka sawa pale sakafuni. "Mukecuru, sauti yake ilikuwa namna gani?"

"Ya redio?"

"Ya redio."

"Sikumbuki ya redio," Mama akasema. "Nakumbuka ya baba, akitukataza tusicheke wakati wa habari. Alikuwa anakaa hivi, upande, sikio moja. Na yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kucheka."

Mteja wangu alikuwa anasubiri barua yake. Nilimwomba arudi kesho. Nikazima printa, nikavuta kiti nikakaa, kwa sababu Mama alikuwa bado anaendelea.